Mfumo wa Tatu

Kioo kiliganda kwenye alama ya duara, na binti akaacha hata kupepesa macho. Kile kicheza muziki kilikuwa kidogo kama kiberiti, kimechubuka pembe zote, kimeungwa na kompyuta yake kwa waya uliozungushiwa utepe wa gundi. Mfumo wa kwanza aliojaribu kukiwekea ulikataa kuingia kabisa. Huu wa pili uliingia nusu, kisha ukanuna.

"Vipi, fundi wangu?" baba yake aliita kutoka sebuleni, kwa ile sauti yake ya kufukuza kuku.

"Bado, baba!" Akakumbuka, akaenda mpaka mlangoni na kumpungia mkono. "Bado!"

Mzee alikuwa ameendesha mashine ya kusaga mawe kuwa kokoto ujana wake wote, nayo ikamla masikio taratibu. La kushoto lilikwisha zamani. La kulia lilibaki na uhai kidogo, na daktari hakumficha: hilo nalo linaondoka, kama kuna kitu anapenda kukisikia, akisikie sasa. Walimpa kifaa cha kusaidia kusikia, kikawa kinampigia miluzi tu.

Alichopenda kukisikia kilikuwa ndani ya kile kidude. Marehemu mkewe alikuwa akimrekodia humo maagizo ya dukani, kwa sababu mume alikuwa na tabia ya kusingizia masikio hata kabla hayajaharibika. "Sabuni ya kipande, si ya unga. Na misumari. Usije ukaniambia hukusikia." Kisha husahau kuzima, na unabaki wimbo wake wa kujiimbia huku anafagia. Hakuacha sauti nyingine duniani zaidi ya hiyo ya kugombeza na kufagia.

Shida ilikuwa kikomo. Waliotengeneza kidude walikizuia kisipige kelele kupita kiasi, kulinda masikio ya wenye masikio. Binti, ambaye kazi yake ilikuwa kuchapa na kutoa nakala kwenye kiduka karibu na stendi, alisoma mtandaoni kwamba watu huuondoa ule mfumo wa kiwandani na kuweka mwingine, uliotengenezwa na watu wa kujitolea, usio na kikomo.

"Ukiuondoa huo wa zamani," mzee alikuwa amemuuliza asubuhi, "mama yako hatatoka nao?"

"Hatoki, baba," alimjibu kwa kutamka polepole, uso kwa uso. "Ni kama kubadilisha injini. Abiria wanabaki kwenye viti vyao."

Mzee alicheka, akampa kidude. "Haya. Mimi nimekuzaa, wewe ndiye unayejua."

Binti alitaka kunakili zile sauti kwanza, lakini kidude kilikuwa kizee na kompyuta haikuziona. Akajipa moyo, akaendelea.

Sasa aliuchomoa waya, akauchomeka tena, akaweka mfumo wa tatu. Huu uliingia bila kinyongo. Kioo kikawaka, herufi ndogo zikajipanga, na mstari wa sauti ukapita pale ulipozoea kuishia, ukaenda hadi ukingoni. Binti alijiziba mdomo kwa kiganja. Akakizima kidude. Akakiwasha tena. Akabaki nacho mapajani, mpaka shangazi yake aliyekuwa jikoni anamenya viazi akachungulia.

"Imekubali?"

"Imewaka."

"Afadhali! Mpelekee basi. Kaka yangu atakonda kwa kungoja."

Mzee alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati lake la kutokea, kama mtu anayetarajia mgeni. Binti alichuchumaa mbele yake, akainamisha kichwa.

"Baba, kabla hujasikiliza, kuna jambo nataka kukwambia."

Lakini mzee alikuwa ameshamnyang'anya hedifoni. Alizivaa, akazisukuma mpaka zikakaa vizuri, akabonyeza mwenyewe. Akatazama ukutani. Kwa kitambo uso wake haukusema kitu. Kisha ukafunguka wote, mashavu mpaka paji.

"Huyo!" alisema. "Huyo huyo."

Binti aliinua kichwa. "Unamsikia?"

Mzee alimtazama midomo, akaitikia kwa kichwa. "Neno kwa neno. Anasema nisisahau misumari. Eeh, leo sisahau, mama!" Akaanza kujipigapiga goti kwa vidole. "Sasa anaimba. Safi, mwanangu, kama yuko hapo uani. Umenirudishia mama yako." Akampapasa nywele. "Nenda, nenda ukapumzike. Umehangaika mno kwa ajili yangu."

Binti alisimama, akatembea mpaka jikoni, akashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili.

"Nimeyasikia yote," shangazi alisema huku amejaa tabasamu. "Na mimi nilivyokuwa na wasiwasi na hicho kidude! Sasa wewe machozi ya nini tena?"

"Kitupu, shangazi."

"Kitupu nini?"

"Ule mfumo wa pili ulipoganda ulifuta kila kitu. Mle ndani hamna hata pumzi ya mama."

Kisu kilisimama katikati ya kiazi. Wote wawili wakageuka, wakatazama kupitia ufa wa mlango.

Mzee alidhani yuko peke yake. Tabasamu halikuwepo tena. Kwa mkono mmoja alikuwa ameikandamiza hedifoni kwenye sikio la kulia, na kwa dole gumba la mkono wa pili alikuwa akibonyeza kuongeza sauti, akibonyeza, akibonyeza.