Kijiti cha Wanja

Mkokoteni ulikuwa umeshafika mlangoni.

"Shemeji, mashine ya boti imekufa," alisema Shekue, mdogo wa marehemu. "Kila nikitoka nayo inachemka. Acha niiuze chuma chakavu."

"Ulikuwa ukiisafisha kwa maji ya kisima kila ukirudi kutoka baharini, kama kaka yako?" aliuliza Mwanahija, mjane wa marehemu.

Shekue akakwaruza kwa ukucha chumvi iliyoganda kwenye mashine.

Mwanahija, aliyekuwa bado ndani ya eda, alikwisha kuisimamisha mashine kwenye pipa la maji ya kisima. Akavuta kamba. Ikanguruma, lakini tundu la ubavuni, linalotoa maji ya kuipoza, likabaki kavu. Akaizima haraka isije ikaungua.

Akaingia chumbani, akarudi na kijiti chake cha wanja, ambacho hakikuwa kimegusa jicho lake tangu msiba. Akakipenyeza tunduni, akakizungusha taratibu mpaka chumvi ikamong'onyoka. Akavuta kamba tena.

Maji yakaruka, yakamlowesha Shekue kifua.

"Mwambie mwenye mkokoteni aende zake," alisema Mwanahija. "Eda yangu inaisha Ijumaa. Jumamosi boti naitoa mwenyewe."

Akakinga kiganja. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, na michirizi myeusi ya wanja uliobaki tunduni ikamteremka hadi kiwikoni. Hakuifuta.