Picha ya Mkono wa Wenceslas

"Huo mkono utapigwa picha leo, utake usitake," Nkatha alisema, akazima gari mbele ya kliniki ya Woodbridge anakofanya kazi ya unesi.

Wenceslas alikuwa ameukumbatia mkono wa kushoto kifuani. Aliteleza akibeba meza za kanisa lao, na kifundo kikavimba kama andazi. Tangu siku hiyo alikuwa mtu wa visingizio: mara hauumi, mara kazini hawampi ruhusa, mara umepona.

"Mama Nkatha, niko muzima. Ni kuuma kidogo tu."

"Aki wacha kuniita mama! Nimekupita miaka kumi na miwili tu, unanizeesha bure."

Kwenye kiti cha nyuma Keza, mdogo wake Wenceslas wa miaka saba, alicheka. Ndugu hao wawili walikuja ughaibuni kutoka kambi ya wakimbizi mwaka jana, mayatima, na Wenceslas ndiye aliyeandikishwa kuwa mlezi. Alipakia mizigo ghalani, akapika, akamsuka Keza nywele. Nkatha hakuwahi kuona mwanamume wa miaka ishirini na mbili mwenye bidii vile, wala mwenye kula vile. Na suruali za msaada alizopewa zilimpungukia miguuni upesi, hata Nkatha akafikiri maji ya kufulia ndiyo yanayozifupisha.

Mlangoni Wenceslas alisimama. "Watu wa serikali wakiona siwezi kazi, watasema siwezi kulea. Watamubeba Keza."

Nkatha alimwonea huruma, na hasira pia. "Hakuna anayenyang'anywa mtoto kwa sababu ya mkono. Mficha maradhi, kilio humfichua. Ingia!"

Picha ya kwanza ilitoka na ukungu kwa sababu hakutulia. Ya pili ikakubali. Daktari, mwanamke mpole asiyejua neno la Kiswahili, aliiweka kwenye kioo cha taa, na Nkatha akasogea kukalimani. Alikuwa anaogopa kale kamfupa kadogo chini ya dole gumba, kanakovunjika kimya kimya na kumwacha mtu kilema. Keza alibandika pua karibu na kioo, akivihesabu vidole vya kaka yake.

"Hakuna kilichovunjika," daktari alisema. "Ni msuli tu."

"Asante Yesu!" Nkatha akapiga makofi. "Umesikia? Ulikuwa unakimbia nini?"

Wenceslas hakufurahi. Tayari alikuwa amemvalisha Keza koti, akimvuta kuelekea mlangoni.

"Subiri kidogo," daktari alisema. Akaweka kalamu mahali mfupa wa mkono unapokutana na kifundo. "Tazameni huu mstari mweusi. Hapa ndipo mfupa unaporefukia. Mtu mzima hana mstari huu, umeshaziba zamani." Akatazama cheti cha mgonjwa, palipoandikwa miaka ishirini na miwili, akamtazama Wenceslas usoni, akarudi kwenye picha. "Muulize ana miaka mingapi."

Nkatha aliuliza. Sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali.

Wenceslas alimfunga Keza kifungo cha mwisho cha koti kwa mkono wake mzima.

"Kumi na tano," alisema. "Kule kambini walisema Keza hawezi kusafiri bila mutu mukubwa. Tulikuwa tumebaki mimi na yeye, nikasema mukubwa ni mimi."

Daktari akamgeukia Nkatha. "Anasemaje?"