Salamu Ndefu

Watu wa mtaa huu waliopandikizwa kifaa cha kumbukumbu hawakatizi salamu. Jina unalolitumia kila siku hukaa kiganjani, la mara mojamoja hukaa mezani, na usiloligusa miaka huenda stoo, na kulitoa huko huchukua muda wa salamu nzima.

Bi Mwatime aliposikia hodi na kumwona mwanamke mwenye begi mlangoni, alijua huyu ni damu yake. Lakini jina alijikataza kulitamka tangu walipokosana kwenye simu miaka mingi iliyopita. Kiganjani halikuwapo, mezani halikuwapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Za safari?"

"Njema."

"Na za huko utokako? Baridi je?"

Binti alijibu moja moja bila haraka, machozi yakimlengalenga. Alijua mama anasubiri nini.

"Na kazi?" Mara uso ukamfunguka. "Shuena! Shuena wangu!"

Stoo haitoi kitu kimoja. Jina lilikuja na vyote vilivyolala kando yake: surua, sketi ya shule iliyoungua kwa pasi, nyimbo za kuruka kamba. Wakacheka mpaka chai ikapoa.

Ila kiganja hakiongezeki; kikiingia kingi, kingine husukumwa nje. Jirani aliyemletea vitumbua kila siku ya Mungu alipoingia na sahani yake, Bi Mwatime alimtazama, akatabasamu.

"Karibu. Habari za nyumbani? Watoto hawajambo?"

Jirani akaelewa. Akaweka sahani chini, akavuta kigoda, akaanza kujibu taratibu, mtoto mmoja baada ya mwingine.