Mzunguko wa Pole

Siku hizi tiketi haziuzwi. Safari hupatikana tu kwenye michezo ya bure ya kamari ya simu. Hidaya na mama yake walizungusha gurudumu la bahati miaka sita, wakapata safari ya wawili kwenda Kigoma kumwona mtoto wa Hidaya. Leo asubuhi mama amefariki.

Jina la msafiri halibadilishwi, wala mmoja hasafiri peke yake. Safari hufutwa tu, pointi za mchezo zikarudi, na ili ifutwe lazima wote wawili waweke kidole chenye joto kwenye kioo cha simu.

"Maji yanapoa, Hidaya," mama mdogo aliita kutoka uani, alikosubiri na wenzake kuosha maiti.

"Nakuja, mama mdogo."

Kando ya kitanda, Hidaya alikifikicha kidole gumba cha marehemu mama yake, akakipulizia pumzi, akakibonyeza kwenye kioo, kisha akabonyeza chake. Simu ikauliza sababu. Kifo hakikuwemo kwenye orodha, akachagua "Mwenzangu hataki tena kusafiri."

Simu ikampa mzunguko mmoja wa pole. Akazungusha. Muziki wa ushindi ukasikika hadi uani.

Kioo kikaandika: Safari ya wawili, Kigoma. Andika jina la mwenzako.

Mama mdogo aliingia bila hodi, ndoo mkononi, wala hakutazama kitandani.

"Niandike mimi," akasema.