Mahubiri ya Korongo kwa Vyura

Mchungaji Korongo, aliyezunguka mabara na hakuacha yeyote asijue hilo, alifumbua macho baada ya sala ndefu akakuta kinamasi kitupu. Vyura aliowaambia wasogee karibu na kufumba macho walikuwa wamejitosa majini wote. Na kama asingepata waumini hapa, sinodi ya kanisa lake ingemhamisha.

Alibaki Chura mmoja tu, mbali kidogo, mwinjilisti aliyetoka kwenye semina ya wiki moja ambayo Korongo aliikataa akisema ni ya wanaoanza.

“Haya, msomi wa wiki moja! Mlifundishwa nini huko, zaidi ya kula wali wa bure?”

“Kuwauliza wenyeji kwanza wanaogopa nini, Mchungaji.”

“Enhe! Na hawa wanaogopa nini? Mizimu?”

“Wewe. Unatula.”