Uzito wa Mwanasesere

Tadashi, kijana wa kampuni ya matangazo, alimpakatisha bibi Kiyomi sampuli ya mwanasesere wa katuni yake bibi ya televisheni. Bila muhuri wa bibi wa kumkubali, kiwanda kisingeshona mwingine, na wote waliotangulia aliwakataa.

"Sura ni yake," bibi alisema. Katuni ile aliichora akimkumbuka bintiye aliyefariki akiwa mchanga. "Lakini mbona mwepesi hivi? Mmemnyima chakula?"

"Ni pamba tu, bibi."

"Haya, mlete jikoni."

Walimfumua mgongoni, wakamjaza mchele, wakamshona tena. Bibi akamlaza begani, akaanza kumpigapiga mgongo taratibu.

Simu ya Tadashi ikaita. Alikuwa bosi wake, akitaka jibu. Tadashi aliizima upesi, mtoto asije akaamka.