Dole Gumba la Mama

Tangu enzi za insha za shule, wakili alimsomea mama yake kila alichoandika. Jumatatu angesimama mahakamani kuitetea sheria mpya ya uchaguzi, iliyotaka kila mpiga kura atambuliwe kwa mashine tu.

"Katiba inasema mpiga kura ni mtu anayetambulika," alisoma kwa madaha. "Basi ambaye mashine haisomi vidole vyake, kikatiba si mpiga kura."

Mama alicheka hadi machozi. "Ewe mtoto! Katiba wanaisoma wote, hayo umeyaona wewe tu?"

"Ndiyo maana wamenichagua mimi, mama."

"Haya, endelea, baba."

Mama alipomsogezea chai, wakili aliliona dole gumba lake. Miaka thelathini ya kufulia watu nguo ndiyo iliyomsomesha mwanawe, na sabuni ilikuwa imelilamba dole hilo likabaki laini kama kijiko, bila mstari hata mmoja.

Aliushika mkono, akaugeuzia dirishani. "Siku ya kujiandikisha, mashine ilikusoma?"

"Ilikataa katakata! Karani akaniandika kwa mkono, eti sheria ya wakati ule inaruhusu." Akamtazama kwa upole. "Soma basi. Umefika ukurasa wa ngapi?"

Wakili hakuuachia mkono ule. Kwa mkono wake mwingine alizigeuza karatasi kifudifudi, akaomba kalamu.